Ndege Isiyoruka Ndiyo Inayomla Mwenyewe



Mwishoni mwa mwaka 2022 nilipigiwa simu kutoka Maua, kule Igembe, kaunti ya Meru. Aliyepiga ni mzee mmoja mfanyabiashara wa miraa, na namba yangu alipewa na rubani niliyewahi kufanya naye kazi. Swali lake lilikuwa fupi. Yeye na wenzake wawili wana ndege ndogo ya shirika, cheti chake kimekwisha muda, na bei waliyotajiwa ya ukaguzi wa mwaka imewanyima usingizi. Je, kuna njia ya kuipunguza?

Wanaonifuata katika safu hii wanajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilishika spana. Diploma yangu ni ya ufundi wa ndege, na ujana wangu niliumalizia ndani ya mabanda ya Wilson, Nairobi, kabla ya kurudi kwetu Pwani. Kwa hiyo maswali kama haya hunifikia. Najua pia kuna watakaosema, "Hayo ni mambo ya matajiri, wewe tuandikie bei ya unga." Haya basi, nisikilizeni kidogo. Ndege ndogo tunaziona kila siku Ukunda, Malindi na Manda, na wako wenzetu walioanza kuzinunua kwa shirika, watu watatu au wanne, kama babu zetu walivyonunua majahazi. Na hata asiyekuwa na ndege, akiwa na boti ya mashini au pikapu ya biashara, atapata lake humu.

Nilipanda basi nikaenda.

Muhuri

Asiyeijua Maua aijue hivi: ni mji wa mlimani, katika milima ya Nyambene, na maisha yake yote yanazunguka jani moja. Sikuja hapa kujadili hukumu ya miraa. Hilo mashekhe wetu wamelizungumza na wataendelea kulizungumza. Nasema tu kwamba jani hilo halingoji. Likishachumwa na kufungwa kwa majani ya mgomba, lina kama siku mbili kabla ya kukosa thamani. Ndiyo maana pikapu zinazotoka Maua kwenda Nairobi zinakimbia vile zinavyokimbia.

Ndege yao ilikuwa Cessna 172, ya viti vinne na injini moja ya Lycoming. Haikuwa ya kubeba miraa, maana ndege ya binafsi hairuhusiwi kubeba mzigo wa kulipisha. Waliinunua wakati biashara imenoga, ili waweze kufika Nairobi asubuhi, wamalizane na wateja na benki, na jioni warudi kwao bila ya kukaa barabarani saa tano au sita. Rubani alikuwa mtoto wa yule mzee. Ndege ililala kwenye kiwanja cha udongo katika shamba la mmoja wao, kule chini nyandani upande wa Mbuga ya Meru.

Kisha, Machi 2020, Somalia ikafunga mlango wa miraa ya Kenya. Soko la Uingereza lilikuwa limeshafungwa tangu 2014, kwa hiyo Mogadishu ndiyo iliyokuwa tegemeo. Mlango huo haukufunguliwa tena mpaka Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili pesa haikuingia, na ndege ikawa kitu cha kwanza kusimamishwa. Wakaifunika turubai, wakaiacha.

Tuliketi kwenye hoteli moja mjini, chai ikaletwa. Mzee akanieleza shida yake bila kuzunguka.

"Fundi, hii ndege haijaruka. Iko vile vile tulivyoiacha. Sasa itaharibikaje? Wewe tuitie mtu wa kupiga muhuri kitabuni, tumpe chake, kijana aipeleke Wilson. Hayo mengine tutayafanya mwakani."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikaona kwamba swali la kupunguza gharama na swali la muhuri wa bure wameyafanya kitu kimoja, nayo ni mambo mawili mbali kabisa. La kwanza ni akili ya biashara. La pili ni kuuza roho ya mtu, na roho ya mtu ni amana.

Nikamwambia, "Mzee, samahani, nami ni mgeni wako. Atakayekaa kiti cha mbele siku hiyo ni mwanao. Twende tukaione kwanza, kisha tuzungumze pesa."

Tulichokikuta

Turubai lilikuwa limechanika kwa jua. Ndani ya boneti ndege wa porini walikuwa wamejenga kiota. Mrija mdogo ulio chini ya bawa, ule unaopokea upepo ili kumwonyesha rubani kasi yake, ulikuwa umezibwa kwa udongo na nyigu. Msiudharau mrija huo. Tarehe 6 Februari 1996 ndege kubwa ya abiria ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu 189 wakafa. Ndege ile ilikuwa imesimama kwa wiki kadhaa, na mirija yake ilikuwa imeachwa kwa muda bila ya kufunikwa. Wachunguzi walisema mrija wa kasi wa upande wa rubani mkuu ulikuwa umezibwa, na kisababishi walichokiona kuwa ndicho hasa ni nyigu wa udongo. Kifuniko cha mrija ule ni kitambaa tu chenye utepe mwekundu.

Lakini hayo ya nje yalikuwa madogo. Tulimleta fundi mwenye leseni kutoka Nairobi, tukatoa oili, tukakata kichujio. Ndani ya mikunjo ya karatasi yake kulikuwa na chembe za chuma zinazomeremeta. Ikabidi silinda moja itolewe ili tuone kamshafti.

Hapa nieleze kidogo. Kamshafti ni ule mhimili wenye nundu unaofungua na kufunga valvu. Katika injini hizi za Lycoming umekaa juu ya mhimili mkuu. Injini ikizimwa, oili yote huteremka chini. Siku za mwanzo chuma hubakiwa na utando mwembamba wa oili unaokilinda. Utando huo ukikauka, unyevu wa hewa hukigusa chuma kitupu, na kutu huanza. Nundu zikishapata vishimo vya kutu, siku injini itakapowashwa zitasagana na visukumio vyake, na chembe zitasambaa injini nzima. Ndiyo maana waundaji wa injini hizi wanashauri zirushwe mara kwa mara, na wenye uzoefu wanakadiria walau saa moja kila mwezi, oili ikiwa imepata moto wa kutosha kukausha maji yaliyomo.

Na msidanganyike kwamba kuiwasha chini kwa dakika kumi kila Ijumaa kunatosha. Kijana wake alifanya hivyo miezi ya mwanzo, akidhani anaisaidia. Injini inayochoma petroli huzalisha maji, na dakika kumi hazileti moto wa kuyakausha. Kila alipoiwasha aliiongezea unyevu.

Fundi alimpa mzee kisukumio kimoja mkononi. Mzee akakigeuza kwenye jua, akakipitisha kidole, akakaa kimya muda. Kisha akasema, "Kwa hivyo imejila yenyewe ikiwa imelala."

Injini ilibidi ifunguliwe yote. Gharama yake ilizidi kwa mbali jumla ya kaguzi zote za mwaka walizozikwepa. Mshirika mmoja aliuza hisa yake na kutoka. Wawili waliobaki wakachanga. Na hapo ndipo mazungumzo ya kweli juu ya kupunguza gharama yalipoanza. Niliyowaambia ni haya yafuatayo.

Kwanza: iruke

Gharama za ndege ni za namna mbili. Kuna zinazokuja urushe usirushe: ukaguzi wa mwaka, cheti, bima, mahali pa kulala. Na kuna zinazofuata saa za kuruka: petroli, oili, matairi, na kuchakaa kwa injini. Ukaguzi wa mwaka hauulizi umeruka kiasi gani.

Tuseme, kwa mfano tu, za kudumu ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Ukiruka saa 20, kila saa imebeba 30,000 kabla hujatia hata tone la mafuta. Ukiruka saa 100, kila saa imebeba 6,000. Ndege ni ile ile na fundi ni yule yule. Anayesema "mwaka huu nitabana matumizi, nitaisimamisha" hajabana kitu. Amejilipisha mara mbili, kwanza kwa gharama za kudumu, pili kwa kutu.

Mkishindwa kuirusha, tafuteni mshirika mwingine mwenye haja nayo. Na ikibidi isimame miezi mingi, kuna taratibu za kuihifadhi injini zilizoandikwa na waundaji wake: oili maalumu ya kuzuia kutu, plagi za kukausha hewa ndani ya silinda, na mianya yote kuzibwa. Si kazi ya turubai peke yake.

Pili: oili na kivuli

Kama kuna pesa isiyostahili kubaniwa, ni ya oili. Kwa injini yenye kichujio kizima, utaratibu wa Lycoming ni kubadilisha kila baada ya saa 50 za kuruka au miezi minne, lolote litakalotangulia. Watu husahau sehemu ya pili. Husema, "Nimeruka saa 15 tu, oili bado mpya." Oili iliyokaa imeshakusanya maji na asidi. Kila ikibadilishwa, kichujio kikatwe na kutazamwa. Ni kazi ya dakika chache, nayo hukueleza hali ya injini mapema.

Kivuli nacho ni dawa. Jua hula rangi, vioo, matairi na mipira. Sisi watu wa Pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Bati la ndege ni aluminiamu, na hewa ya bahari huingia kwenye maungo yake polepole, chini ya rangi, usione kitu mpaka pawe pamevimba. Kuiosha kwa maji baridi na kuikausha hakuhitaji leseni. Wazee wetu wa Lamu hawakungoja jahazi lioze ndipo walipandishe pwani. Walilikwangua, wakalitia kalafati, wakalipaka deheni kwa msimu wake, kila mwaka, kwa sababu walijua mdudu wa bahari halali. Ndege nayo ni jahazi la hewani, kinachobadilika ni mdudu tu.

Tatu: tenga ukaguzi na matengenezo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na wenye ndege hawajui. Mtu anapeleka ndege karakana, anakabidhi ufunguo, anasema "nifanyieni ukaguzi wa mwaka." Baada ya wiki tatu anapewa hesabu. Hakuulizwa kitu. Vipuri vimebadilishwa, vya zamani havionekani, na bila ya kulipa ndege haitoki.

Ukaguzi ni kutazama na kutoa hukumu. Matengenezo ni kurekebisha. Wekeni mapatano kwa maandishi kabla ya bisibisi ya kwanza kuguswa: ukaguzi una bei yake maalumu, na ukikwisha fundi atoe orodha. Orodha iwe na mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo ndege hairuki bila ya kuyatengeneza. La pili ni yanayoweza kungoja lakini yafuatiliwe. La tatu ni ya urembo na starehe. Fungu la kwanza halijadiliwi, hulipwa. La pili na la tatu mwenye mali ndiye anayeamua lini. Na kipuri chochote kinachotolewa arudishiwe mkononi akione.

Fundi mwaminifu hatakasirika kwa mapatano haya. Atafurahi, kwa kuwa yanamwondolea lawama.

Nne: kisichoumwa usikipasue

Nitasema la kunishitaki mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu kazini niliijaribu silinda ya ndege ya mteja, ikasoma nguvu pungufu kidogo kuliko wenzake. Kwa pupa ya ujana nikaitoa. Haikuwa imekufa. Ningeiacha iruke kidogo, nikaipima tena ikiwa moto, na nikatazama valvu kwa kamera ndogo kupitia tundu la plagi, huenda ningeirudisha kazini vile vile. Baada ya saa chache ndege ilirudi ikivuja oili pale pale nilipofunga. Mteja alilipa mara mbili kwa ugonjwa niliomletea mimi.

Nilidhani ni upungufu wangu peke yangu, mpaka nikasoma habari za C. H. Waddington. Huyu alikuwa mwanabiolojia wa Uingereza ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi na kikosi cha anga kilichowinda nyambizi za Wajerumani baharini. Ndege za kikosi hicho zilikaguliwa kila baada ya saa 50. Yeye na wenzake walipozipanga hitilafu zote kwa saa, waliona jambo lisilotarajiwa: hitilafu za ghafla zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka. Kwa maneno mengine, mikono ya mafundi ilikuwa inaleta nyingine badala ya kuzuia zilizokuwapo. Walipopunguza ufunguaji usio na lazima, ndege nyingi zaidi zikawa tayari kwa kazi.

Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la United Airlines la Marekani, Nowlan na Heap, waliandika ripoti iliyobadili fikra za dunia juu ya matengenezo. Walionyesha kwamba sehemu nyingi za ndege haziharibiki kwa kufuata umri, kwa hiyo kuzibadilisha kwa tarehe tu hakuongezi usalama. Nyingi zinataka kufuatiliwa hali yake.

Tahadhari: hii si ruhusa ya kuacha. Kuna vitu vyenye muda wake, na maagizo ya lazima ya usalama yanayotolewa kwa kila aina ya ndege. Mathalani, Cessna za aina hii zina agizo la kukagua reli za viti, kwa sababu matundu yake hulika, na kiti kikateleza nyuma wakati wa kupaa, rubani akajikuta mbali na usukani. Magneto nazo hufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya saa 500. Hayo hayana mjadala. Ninachosema ni kwamba kila jambo lifanywe kwa sababu inayojulikana. "Maadamu tumeshafungua" si sababu.

Tano: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa ndege hilo ni neno la sheria. Vitabu vya kumbukumbu vya ndege, injini na propela ndivyo vinavyothibitisha kwamba agizo fulani lilishatekelezwa na kipuri fulani kina saa kadhaa. Vikipotea, kazi hufanywa upya yote, maana hakuna wa kuthibitisha. Siku ya kuuza nako bei huporomoka.

Wale wazee wa Maua walikuwa na vitabu vyote, lakini vilikaa ndani ya gunia stoo, na panya walikuwa wamevitembelea. Niliwaambia vipigwe picha kila ukurasa, nakala ziwekwe sehemu mbili. Pia kila kipuri kinachonunuliwa kije na cheti chake. Kipuri kisicho na karatasi kinaweza kufanana na cha kweli kama mapacha, na kikawa rahisi kweli, lakini fundi mwenye leseni hawezi kukitia sahihi. Utakinunua mara ya pili.

Sita: mkono wako mwenyewe

Saa za fundi ndizo ghali. Kufungua vifuniko vya matumbo ya ndege, kutoa viti na zulia, kuosha injini, kisha kuvirudisha, huchukua sehemu nzuri ya siku. Mwenye ndege anaweza kuzifanya kazi hizo chini ya jicho la fundi, kwa makubaliano naye, na fundi akabaki na kazi yake ya kukagua na kutia sahihi. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: ataijua ndege yake. Ataona bomba lililoanza kusugua, waya ulioanza kuchubuka, doa la oili lisilokuwapo jana.

Saba: mfuko wa kila saa

Injini ya aina ile imekadiriwa na waundaji kufunguliwa baada ya saa 2,000 au miaka 12. Tuseme, tena kwa mfano, kazi hiyo itagharimu shilingi milioni 4. Gawanya kwa 2,000 unapata 2,000 kwa saa. Basi kila mshirika anayeruka saa moja aweke 2,000 katika akaunti isiyoguswa. Siku ikifika hakuna kuuza shamba wala kugombana. Shirika nyingi za ndege, kama shirika nyingi za majahazi, hazivunjwi na mashini. Huvunjwa na siku ya kuchanga.

Na kwa anayetaka kununua, gharama huanzia hapo. Cessna 172 zimeundwa zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950, kwa hiyo vipuri vipo na mafundi wanaijua. Ndege yenye magurudumu ya kukunja, au ya aina adimu, huenda ikauzwa rahisi, na sababu utaijua mwaka wa kwanza. Lipa fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, aikague kabla hujatoa pesa.

Waliyokuwa wakiyajua tayari

Katika mazungumzo yale mzee aliniuliza, "Fundi, haya yote mtu wa kawaida atayashika vipi?"

Nikamuuliza pikapu zake anazitunzaje. Akacheka. Akaniambia gari la miraa haliwezi kungoja liharibike, kwa sababu likilala njiani usiku mmoja mzigo umekwisha. Dereva akirudi asubuhi lazima aseme alisikia nini njiani. Oili haipitishwi siku. Tairi hubadilishwa kabla ya kuonekana waya. Na gari lililokaa wiki bila kazi halipewi mzigo mpaka lijaribiwe.

"Basi mzee," nikamwambia, "uliyajua haya kabla yangu. Uliyafanya kwa kitu kinachokuletea pesa, ukayaacha kwa kitu kinachombeba mwanao."

Hakujibu, akamimina chai.

Mwezi uliopita nilipita tena Maua. Ndege iko chini ya paa la mabati, mrija una kofia yenye utepe mwekundu, na mshirika mpya amepatikana, mwenye shughuli za kumpeleka Nairobi kila wiki. Ukaguzi wa mwaka huu ulileta orodha ya mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa na mambo mawili tu, nayo yalilipwa siku hiyo hiyo. Mzee mwenyewe nilimkuta amekunja mikono ya shati, anafungua skrubu za vifuniko na kuzipanga kwenye kopo, kila moja na mahali pake.

Nikamuuliza kama bado ni ghali.

"Ghali iko," akasema. "Lakini sasa najua nalipia nini. Ile ya kwanza nililipia usingizi."